Kipeuo cha tatu na tangi la maji: namna ya kukirahisisha

Mgao wa maji wa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua, uliwakumbusha wakazi wengi wa Tegeta na Bunju umuhimu wa tangi la chini. Tuanzie hapo.

Tangi lenye mita 2 za ndani kila upande, yaani urefu, upana na kina, lina ujazo wa 2 × 2 × 2, mita za ujazo 8. Hizo ni lita 8,000. Sasa mwenye nyumba anataka lita 16,000. Fundi akiongeza kila upande mara mbili, ufike mita 4, atajenga tangi la lita 64,000. Saruji na nondo zitaishia ardhini bila sababu.

Kinachotafutwa ni namba ambayo ukiiandika mara tatu na kuzizidisha, unapata 16. Hicho ndicho kipeuo cha tatu cha 16, ∛16. Hakitoki namba kamili, lakini 16 ni 8 × 2, na kipeuo cha tatu cha 8 ni 2. Basi 2 inatoka nje, 2 nyingine inabaki ndani: ∛16 = 2∛2. Kwa kuwa ∛2 ni kama 1.26, kila upande uwe mita 2.52 hivi. Ni nyongeza ya sentimita 52 tu!

Kwa mwanafunzi wa sekondari anayekutana na herufi, utaratibu haubadiliki. Vunja kila kitu hadi namba tasa, kisha tafuta watatu wanaofanana. Kila watatu hutoka nje kama mmoja. Chukua ∛(54x⁴). 54 ni 2 × 3 × 3 × 3, na x⁴ ni x nne. Zinatoka 3 moja na x moja, zinabaki 2 na x. Jibu ni 3x∛(2x). Waliozoea kipeuo cha pili hutoa wawiliwawili, na hapo ndipo alama hupotea.

Kwenye kujumlisha, ∛16 + ∛54 si ∛70. Rahisisha kwanza: 2∛2 + 3∛2 = 5∛2, kama 6.3, wakati ∛70 ni 4.12 hivi.

Namba hasi nayo isikutishe: ∛(−8) ni −2, kwa sababu hasi tatu zikizidishwa hubaki hasi.