Kumtambua Mtu: Polisi wa Pwani na Alama za Vidole

Jeshi la Polisi Tanganyika lilitangazwa rasmi tarehe 25 Agosti 1919, makao yake makuu yakiwa Lushoto hadi yalipohamia Dar es Salaam mwaka 1930. Tunapoliadhimisha, tunasifu gwaride na bendi. Iko kazi nyingine inayostahili sifa, nayo ni kumtambua mtu.

Kabla ya jeshi hilo walikuwepo Wajerumani. Kamanda wao, Hermann von Wissmann, alipotua Bagamoyo mwaka 1889, askari wake wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri. Hawakumjua mtu wala mtaa. Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, hakukamatwa kwa ujuzi wao. Zawadi ilitangazwa, wenyeji wa nyuma ya Pangani wakamtoa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Utawala wa Wajerumani uliendelea kuwategemea maliwali, maakida na majumbe, kwani wao ndio waliojua huyu ni fulani bin fulani, kwao ni wapi na nani jamaa zake. Ulikuwa ujuzi mkubwa, na sioni haki kuuita wa kizamani. Lakini Bagamoyo ulikuwa mji wa misafara, wapagazi wakiingia na kutoka kwa maelfu. Mgeni aliyejipa jina jipya, jumbe angemjulia wapi?

Ulaya nako walikuwa na shida hiyohiyo. Jijini Paris, Alphonse Bertillon, karani wa polisi, alianza kuwapima wahalifu vipimo 11 vya mwili, akaongeza picha mbili, ya uso kwa mbele na ya ubavuni. Picha hizo polisi wanazipiga hadi leo. Vipimo havikudumu, maana wapimaji wawili waliweza kumpima mtu mmoja wakapata tarakimu mbili tofauti.

Jibu lililokuja kutufikia, alama za vidole, lilitoka Bengal, India. Tangu 1858 ofisa wa Kiingereza William Herschel alikuwa akiwatia watu wino mkononi wapige chapa kwenye mkataba, ili usikanwe. Kuipata alama moja kati ya maelfu ya karatasi ndiko kulikokuwa kugumu, na fundo hilo walilifungua maofisa wawili wa polisi wa Calcutta, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Haque alitunga hesabu ya vidole kumi iliyogawa karatasi zote katika mafungu 1,024, hivyo karani akajua aende kwenye fungu lipi. Ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, na London ikafuata mwaka 1901. Mfumo ukapewa jina la mkuu wao, Edward Henry. Naona hiyo ni dhuluma, na katika historia ya polisi wa pwani majina ya Haque na Bose yatangulie.

Ujuzi huo ulitufikia pamoja na sheria. Mwaka 1920 Waingereza walianza kutumia nchini Tanganyika Sheria ya Ushahidi ya India, ambayo tangu 1899 ilikubali maoni ya mtaalamu wa alama za vidole. Sheria yetu wenyewe ya mwaka 1967 ililibakiza jambo hilo.

Jicho la shahidi halikuachwa. Gwaride la utambulisho lingali likipangwa vituoni, mtuhumiwa akisimamishwa kati ya watu wanaofanana naye. Ila mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba ushahidi wa kutambua kwa macho ni dhaifu kuliko wote, na hakimu asiutegemee mpaka aridhike kuwa hakuna nafasi ya kumfananisha mtu na mwingine.