Kipawa chako kinajulikana na nani? Kutambua vipawa na kujenga mahusiano kazini na kwenye simu



Katika makanisa yetu ya Mashariki neno talanta linasikika karibu kila mwezi. Tunaliimba, tunalihubiri, tunawapa hata korali zetu jina hilo. Lakini kijana aliyemaliza masomo akitujia na kuuliza, "Mimi talanta yangu ni gani?", wengi wetu tunamwambia aombe, kisha tunaendelea na shughuli zetu. Kuomba ni vema. Hapa tunataka kueleza yale mengine: namna kipawa kinavyotambulika, na kwa nini ni vigumu kukitambua mtu akiwa peke yake chumbani.

Maneno yanayochanganywa

Talanta katika Mathayo 25 si uwezo wa mtu. Ni uzito wa fedha, sawa na dinari 6000 hivi. Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku, kama tunavyoona katika habari ya shamba la mizabibu, Mathayo 20. Anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka angetumika miaka 20 ili aipate talanta moja. Basi hata yule mtumishi wa tatu hakupewa kitu kidogo. Kwa sababu ya mfano huo lugha za Ulaya zilianza kutumia neno talanta kwa maana ya uwezo wa mtu, na maana hiyo ndiyo tunayoitumia leo.

Tunapomhubiri mtumishi huyo tunaharakisha kumwita mvivu. Bwana wake alimwita hivyo, ni kweli. Lakini tusome pia alichosema mwenyewe: aliogopa. Zamani zile kuzika fedha ardhini kulikuwa njia ya kawaida ya kuitunza, na sisi wa Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana. Hapa kwetu anayefungua duka zuri anajua kwamba usiku mmoja anaweza kugongewa mlango. Fundi anayejulikana anaombwa kazi ya bure na wenye silaha. Vijana wengi hawakuzika kipawa chao kwa uvivu, walijifunza kutoonekana. Anayetaka kuwasaidia aanzie hapo, asianzie kwenye kuwakemea.

Kipawa, au kipaji, ni uwezo ambao mtu anauonyesha mapema na bila jasho jingi: sikio la muziki, kichwa cha hesabu, ulimi wa kupatanisha watu. Ujuzi unajifunzwa: kushona, kuchomelea vyuma, kutumia kompyuta. Asiye na kipawa cha pekee anaweza kuwa fundi mzuri akipata mwalimu na miaka ya kutosha. Karama ni neno tunalolikuta katika Warumi 12 na 1 Wakorinto 12, kile ambacho Roho anagawa kwa faida ya wote. Mipaka kati ya mambo haya si ukuta. Katika Kutoka 31 Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu ili afue dhahabu, akate mawe na kuchonga mbao, na Oholiabu anawekwa pamoja naye. Seremala wa parokia anayeambiwa kwamba kazi ya mhubiri ni ya kiroho na yake ni ya mwili tu, asomewe sura hiyo.

Daftari na watu watano

Njia tunayoipendelea ni rahisi na haina gharama. Kwa wiki tatu, kila jioni, andika mambo mawili: leo nani alinijia na aliniomba nini, na kazi gani ilinifanya nisahau saa. Usiandike unachotamani kuwa. Mwisho wa wiki ya tatu utaona jambo linalorudi. Majirani wanakuletea simu zilizoharibika. Watoto wa avenyu wanakujia na hesabu za shule. Wanawake waliogombana sokoni wanakuita uwasikilize.

Kisha uliza watu watano waliofanya kazi pamoja nawe, wala si wale wanaokupenda tu. Mama mzazi atasema unaweza yote. Usiulize, "Mimi ni mtu wa namna gani?", maana watakujibu kwa adabu. Uliza hivi: "Ungekuwa na kazi ya haraka, kazi gani ungenipa mimi, na gani usingenipa?" Jibu la sehemu ya pili linauma, lakini ndilo linalofundisha zaidi.

Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora jambo hili kama dirisha lenye vioo vinne. Kioo cha kwanza ni yale ninayojua juu yangu na wengine wanayajua. Cha pili, yale wengine wanayaona kwangu lakini mimi siyaoni. Cha tatu, yale ninayojua na ninayaficha. Cha nne, yale ambayo hakuna bado anayeyajua. Waliunganisha majina yao mafupi, Joe na Harry, wakaliita dirisha la Johari. Kwa Kiswahili neno hilo tayari ni letu, kito cha thamani, na jina limekaa vizuri. Vipawa vingi vya watu wetu viko katika kioo cha pili. Kila korali ina mtu anayependa kuimba kuliko wote, na ambaye wote wanaomba asipewe maikro. Mara nyingi ndiye anayejua nani hakufika mazoezini na kwa nini, nani ni mgonjwa, na mchango umefika wapi. Kipawa chake ni kutunza watu na mali, ila hakuna aliyemwambia.

Mfano wa Panzi

Tuchukue mtu ambaye wote wanamjua, Daktari Denis Mukwege. Alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste. Akiwa mtoto alifuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa, akamwuliza kwa nini haombi tu bali hatoi pia dawa. Baba alijibu kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua kuwa yule atakayetoa dawa. Tuone jambo hilo vizuri: wito wake ulianzia mahali ambapo kazi ya baba yake iliishia, na baba hakuona aibu kukiri mpaka huo.

Alisomea uganga Burundi, akamaliza mwaka 1983, akaenda kutumika katika hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini. Alikuwa akifikiri kuwa daktari wa watoto. Huko Lemera aliona akina mama wakifika wamechelewa, wengine wamebebwa mbali, wakifa kwa uzazi. Ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza mambo ya uzazi, akarudi mwaka 1989. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 hospitali ya Panzi ilianzishwa Bukavu, ndani ya kazi za CEPAC, na kwa msaada wa Wapentekoste wa Sweden. Ilikusudiwa kwa akina mama wanaojifungua, lakini mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke aliyebakwa na kuumizwa vibaya. Kazi ambayo dunia iliitambua mwaka 2018, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad, hakuipanga alipokuwa mwanafunzi.

Tunamtaja si kwa ajili ya tuzo. Wengi wetu hatutaipata. Tunamtaja kwa sababu mara tatu njia yake ilionyeshwa na mtu mwingine mwenye shida: mgonjwa wa baba yake, mama wa Lemera, mwanamke wa Panzi. Mikono ilikuwa yake, lakini uso wa kazi ulitoka kwa wengine. Kijana anayengoja serikali imwajiri kulingana na maandishi ya diploma yake anaweza kujiuliza ni shida ya nani inayomrudia mlangoni kila wiki.

Urafiki wa kazini

Matendo 18 inasimulia kwamba Akila na Priskila walifukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Walipofika Korintho walikuwa, kwa lugha yetu ya leo, watu waliohamishwa. Paulo aliwatafuta, akakaa kwao, wakashona mahema pamoja kwa sababu kazi yao ilikuwa moja. Urafiki huo uliotoka kwenye sindano na kitambaa cha hema ulifika mbali. Walisafiri pamoja hadi Efeso. Huko Priskila na Akila walimsikia Apolo, msemaji hodari ambaye elimu yake ilipungua kidogo. Hawakumsahihisha mbele ya watu, walimchukua kwao wakamweleza. Katika Warumi 16 Paulo anaandika kwamba waliweka maisha yao hatarini kwa ajili yake.

Yako pale karibu mambo yote ya uhusiano mwema kazini. Kukaa meza moja na kushika kazi moja. Kumsahihisha mwenzako kando. Kubaki naye siku ya hatari. Tungeongeza jambo moja la kwetu: likelemba. Watu kumi wanatoa kiasi kilekile kila mwezi, mmoja anapokea chote, kwa zamu. Aliyekwisha kupokea mwezi wa pili na bado analeta mchango wa mwezi wa kumi bila kukumbushwa, huyo amejulikana tabia yake kuliko cheti chochote kinavyoweza kusema. Shefu anayetafuta mtunza hazina angeulizia huko kwanza.

Lakini iko sehemu ngumu zaidi. Kazini tunakutana na watu ambao hatukuwachagua, wa makabila ambayo kwenye simu yanatukanana. Sauti ya chuki ikipita kwenye kikundi usiku, mwenzako wa meza ya pili ameisikia pia, naye asubuhi anakuangalia ajue umeamini nini. Ukinyamaza, atatafsiri kimya chako. Ukimsalimu kwa jina, ukamwuliza habari za watoto, ukamwambia wazi kwamba maneno yale si yako, umefanya kazi ambayo hakuna semina ya amani itakayoifanya kwa niaba yako. Tunajua mahali pengine hata salamu hiyo ina hatari. Basi isemwe mlangoni, kwa sauti ndogo, lakini isemwe.

Kwenye simu

Kwa familia zilizotawanyika kwa sababu ya vita, kikundi cha WhatsApp mara nyingi ndiyo parokia iliyobaki. Hatuidharau. Nyaraka za Mitume nazo zilikuwa njia ya kukaa pamoja kwa mbali, ingawa mwandishi wa 2 Yohana anasema ana mengi zaidi, ila hataki kuyaweka kwa karatasi na wino. Anatumaini kuja waonane uso kwa uso. Ujumbe ushike nafasi mpaka siku ya kuonana. Anayetumiwa mstari wa Biblia kila alfajiri kwa miezi sita na hajaulizwa hata mara moja, "Mmekula?", hana uhusiano na anayeutuma.

Simu inafaa pia kwa kazi. Mwaka 1973 Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha uchunguzi juu ya watu walioajiriwa karibu na Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakikutana na mtu huyo mara nyingi. Wengine walimwona mara mojamoja au kwa nadra. Sababu inaeleweka: marafiki wa karibu wanajua habari zilezile unazozijua. Yule mliyesoma naye zamani, aliyeko sasa Kisangani au Uvira, anajua nyingine. Mwandikie kabla hujawa na shida. Fundi wa nguo apige picha ya kazi iliyokamilika, aandike bei, aiweke kwenye statusi, ambayo inaonekana kwa saa 24. Uso wa mteja asiuweke bila ruhusa.

Wadanganyifu nao wanajua kwamba tunatafuta kazi. Tangazo linalodai utume kwanza pesa za dosie kwa M-Pesa au Airtel Money si la kweli. Mwajiri halisi hauzi nafasi. Anayekuomba namba sita zilizofika kwenye simu yako "kwa makosa" anataka kuingia katika akaunti yako ya WhatsApp, na kesho ataomba msaada kwa wakristo wote kwa jina lako. Usimpe, hata akitumia picha ya mchungaji wako. Na kabla ya kupeleka mbele habari juu ya mtu, kumbuka kwamba sheria ya nchi yetu ya tarehe 13 Machi 2023 juu ya mambo ya kidijitali inamwadhibu anayeitunga habari ya uongo, na anayeisambaza pia.

Kwa parokia tunapendekeza daftari la vipawa, lakini la karatasi. Mzee mmoja na mama mmoja wanaoaminiwa waandike nani anajua nini, na nani yuko tayari kumfundisha mwingine: kushona, kutengeneza redio, kuandika barua ya kuomba kazi, kukaa na aliyefiwa. Anayehitaji fundi awaulize hao wawili. Orodha hiyo isipigwe picha wala kuwekwa katika kikundi pamoja na namba na makao ya watu, kwa maana nyakati hizi hatujui simu hizo zitaishia mikononi mwa nani.