Kibadilishajoto cha mabamba na gasketi

Kibadilishajoto cha mabamba ni kifaa kinachohamisha joto kutoka kimiminika kimoja kwenda kingine bila viwili hivyo kuchanganyika. Richard Seligman alikibuni London mwaka 1923 kwa ajili ya maziwa, na mkoani Tanga ni maziwa yanayoonyesha vizuri thamani yake. Wafugaji wadogo wa Muheza, Korogwe na Lushoto hukusanya maziwa yao kupitia vyama vya ushirika na kuyauza kwa kiwanda cha Tanga Fresh; katika joto la pwani, maziwa mabichi yasiyopozwa huharibika ndani ya saa chache.

Mabamba ya chuma kisichoshika kutu, yenye unene wa takribani nusu milimita, hupangwa kwenye fremu na kubanwa kwa boliti ndefu. Maziwa hupita upande mmoja wa bamba na maji ya moto upande wa pili, yakielekea kinyume. Matuta ya mshazari huvuruga mtiririko ili joto lipenye haraka.

Moyo wa kifaa ni gasketi, mpira unaokaa kwenye mfereji wa ukingo wa bamba. Ndiyo inayoamua kimiminika kipi kiingie nafasi ipi. Kuzunguka matundu ya kupitishia huwekwa mipira miwili, na kati yake huachwa upenyo wa kutokea nje. Mpira mmoja ukichoka, maziwa hudondoka sakafuni, fundi akayaona. Ubunifu huo mdogo umelinda afya za watu wengi. Bamba likitoboka, hata hivyo, gasketi haisaidii. Ndiyo maana, pale maziwa yaliyokwisha kupashwa yanapotenganishwa na mabichi kwa bamba tu, hupewa shinikizo kubwa kuliko mabichi, ili yavujie upande wa mabichi, kamwe si kinyume chake.

Maziwa hupashwa hadi nyuzi 72 za Selsiasi na kushikiliwa sekunde 15 katika bomba la pembeni. Yakirudi hupasha maziwa mabichi yanayoingia, na hivyo zaidi ya asilimia 90 ya joto huweza kuokolewa. Mwisho maji ya barafu huyashusha hadi nyuzi 4.

Gasketi hutengenezwa kwa mipira ya aina tofauti. Mpira wa nitrili huvumilia mafuta. Ule wa EPDM huvumilia kostiki soda ya kusafishia, lakini huvimba ukigusana na mafuta ya mashine. Boliti zikikazwa kupita kipimo cha mtengenezaji, gasketi hupondeka. Melini, ambako injini hupozwa kwa maji ya bahari, mabamba huwa ya titani, kwa kuwa chumvi hutoboa chuma cha kawaida cha kiwanda cha maziwa.