Amri ya 1395 na Udongo wa Burgundy

Tarehe 31 Julai 1395, Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy nchini Ufaransa, aliamuru mizabibu ya aina ya Gamay ing'olewe. Aliiita mmea mbaya, usio mwaminifu, akakataza pia kutia samadi mashambani. Wapo wanaosema kuwa amri hiyo ndiyo iliyoipa Burgundy sifa ya divai nyekundu ya Pinot Noir. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoanza kusoma habari za udongo wenyewe.

Mteremko wa Côte d'Or, kusini mwa Dijon, ni wa mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi. Juu udongo ni haba. Chini ni mzito na hushika maji. Katikati ndipo Pinot Noir, ambayo huzaa kidogo, hutoa divai yake bora. Watawa wa Cîteaux walizungushia ukuta shamba lao la Clos de Vougeot, lenye hekta 50 hivi, lakini ukuta haukusawazisha udongo: hadi leo wajuzi husema divai ya sehemu ya juu haifanani na ya chini kando ya barabara. (Mimi sijaionja, naijua kwa vitabu tu.)

Gamay huzaa sana. Katika udongo huo, tena ukiwa na samadi, huzaa kupita kiasi na divai yake hupwaya. Lakini kusini zaidi, katika vilima vya Beaujolais, udongo ni wa kichanga uliotokana na mawe ya graniti, wala hauna rutuba nyingi. Huko Gamay ileile hutoa divai zinazosifiwa, kama za Fleurie na Moulin-à-Vent. Basi kosa halikuwa la mmea.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu mtawala. Tauni iliyoingia mwaka 1348 ilikuwa imeua watu wengi, na vibarua walikuwa adimu. Kwa mkulima mdogo, mzabibu unaozaa sana ulikuwa riziki ya nyumba yake. Amri tunayoisoma ni sauti ya mtawala aliyekuwa na mashamba yake mwenyewe. Mkulima hasikiki ndani yake. Jibu lake naliona kwingine: miongo kadhaa baadaye, mjukuu wa Philippe, Philippe le Bon, alilazimika kuipiga Gamay marufuku tena. Na hata leo Burgundy ina divai iitwayo Passe-tout-grains, ambamo sheria inaruhusu Pinot Noir na Gamay kuchanganywa katika chupa moja.