Kupenya na Kupenyezwa: Utando wa Seli katika Historia ya Kiswahili

Nimekulia Dirma, upande wa Hanang, ambako chumvi si kitu cha dukani tu. Ziwa Balangida likikauka wakati wa kiangazi huacha ukoko mweupe. Watu huukusanya, ng'ombe huulamba. Nyumbani, nyama iliyobaki ilipakwa chumvi hiyo. Baada ya muda sufuria ilikuwa na maji ambayo hakuna aliyeyatia. Nilipomwuliza mama yametoka wapi, alijibu kwa lugha ya nyumbani: "Chumvi imeyaita."

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa sekondari, nilikutana na jambo hilohilo ubaoni kwa Kiingereza. Nililikariri, nikafaulu mtihani, wala sikutambua kwamba nilikuwa nikilijua tangu utotoni. Makala haya yanatafuta mahali ujuzi ule ulipopotelea.

Tuanze na jambo lenyewe. Mwaka 1748, Mfaransa Jean-Antoine Nollet alijaza pombe kali katika chombo, akakifunga mdomo kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha majini. Maji yaliingia hata kibofu kikatutumka. Katika miaka ya 1820, Henri Dutrochet alionyesha kwamba mwendo huo ni sehemu ya uhai wa mimea na wanyama. Mwaka 1854, Thomas Graham wa Uskoti alilifupisha jina ambalo Dutrochet alilipa jambo hilo, na ndiko ilikotoka osmosisi ya leo. Asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya msukumo. Wazungu, basi, waliona maji yakisukumwa. Mama yangu aliona yakiitwa. Kwa hakika maji huenda huku na huko pande zote, ila yale yanayoelekea penye chumvi nyingi huwa mengi kuliko yanayorudi.

Seli nayo imezungukwa na utando wa mafuta wenye tabaka mbili. Oksijeni huupita bila msaada. Maji hupita kwa wingi katika vijia vya protini, ambavyo Peter Agre wa Marekani alivithibitisha mwaka 1992, akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Chumvi ina habari nyingine. Mwaka 1957, Jens Skou wa Denmaki alieleza kimeng'enya alichokipata katika neva za miguu ya kaa. Kimeng'enya hicho hutoa chembe tatu za sodiamu nje ya seli na kuingiza mbili za potasiamu. Kila mzunguko hutumia nishati, kwa kuwa chembe hizo hupelekwa kule ambako tayari zimejaa. Skou naye alipata Nobel, mwaka 1997.

Sasa nawaomba wenzangu washairi wasikilize lugha yetu. Oksijeni hupenya, sodiamu hupenyezwa. Kitenzi cha kwanza kinasema kitu kimepita chenyewe. Cha pili kinasema yuko mtendaji, na pana kazi iliyofanyika. Tofauti ambayo kitabu cha sayansi huieleza kwa ukurasa mzima, mnyambuliko wa Kiswahili huibeba kwa silabi chache.

Tazameni pia neno utando. Limetokana na kutanda, nasi tunalijua kwa buibui na kwa maziwa yaliyopoa. Seli ya mmea ina vyote viwili, ukuta nje na utando ndani, na majina hayo yanatuambia kipi ni kigumu na kipi ni laini. Seli yenyewe ni neno la kukopa, kama protini. Si aibu. Lugha hai hupokea kinachoifaa, ikakivika vazi lake.

Kwa nini basi hatukufundishwa hivyo? Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi Tanzania, na mwaka huohuo BAKITA likaundwa. Mwaka 1982, Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Istilahi zilifika wakati mlango wa darasa umekwisha kufungwa.

Kwa hiyo nikisikia mtu akidai kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi, naona amekosea historia. Maneno yapo, na sarufi ya kuyabeba ipo; kilichokosekana ni ruhusa ya kuyatumia mbele ya ubao. Mwenye kuumia ni mtoto anayeamini hajui kitu, ilhali amekiona jikoni kwao. Wanangu wakiniuliza kuhusu osmosisi, sianzi na Nollet. Naanza na nyama, chumvi na sufuria, kisha nawauliza: haya maji yamepenya, au yamepenyezwa?