Debe, Mtungi na Tangi: Safari ya Mafuta Lamu

Mwishoni mwa karne ya 19 mafuta ya taa ya Marekani yalisafirishwa kwa madebe ya bati, galoni 4 hivi za Kiingereza kila moja, na pwani yetu ikayazoea hivyo. Mwaka 1892 meli ya Murex iliruhusiwa kupita Mfereji wa Suez ikiwa na mafuta ndani ya matangi yake, baada ya wenye mfereji kuridhika na usalama wake. Lamu iliendelea na debe. Lilikaa dukani au uvunguni, jirani na chemli na karabai, na hakuna aliyeshtuka.

Wazee hawakuwa wazembe. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni, hushuka ngazi, ukaingia kwa jirani na kukuta jiko linawaka.

Mashine za boti zilipoenea, petroli ilirithi mahali pa debe. Mazoea yalibaki yaleyale, hatari ikawa nyingine kabisa. Na moto visiwani hauna subira: mwaka 2009 mji wa Faza ulipoungua, mamia ya nyumba ziliteketea.

Sheria zipo. Mwaka 2007 Kenya ilipata Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pamoja na kanuni za kupunguza hatari za moto mahali pa kazi. Sheria ya Petroli ya 2019 inadai leseni kwa biashara ya mafuta. Lakini kituo cha mafuta tunachokijua ni cha kando ya barabara, tangi limefukiwa ardhini na lori linaleta shehena. Mji wa kale wa Lamu una vichochoro na punda, kituo cha namna hiyo hakiingii.

Bandarini Kililana, gati la kwanza lilianza kazi 2021, na kumekuwa na mpango wa bomba la mafuta ghafi ya Turkana kuishia huko. Matangi makubwa ya kupokea mafuta ya bomba huzungushiwa ukuta unaoweza kubeba mafuta yote ya tangi kubwa kuliko yote, na ziada ya asilimia 10.

Mwenye duka la petroli na nahodha wa boti wanastahili uangalifu uleule. Petroli ikae kwenye banda la mawe lenye matundu ya hewa, mbali na makuti. Mtungi ujazwe ukiwa chini, gatini, kamwe usijazwe ndani ya boti, kwa maana mvuke hujikusanya chini ya mbao na kungoja cheche ya mashine.