Nitaachaje Kanisa Sikuingia?

Wasee, nilibatizwa Kangemi nikiwa na miezi michache. Sasa matha anasema nimeacha kanisa. Nitaachaje mahali ambapo sikuingia kwa miguu yangu?

Swali hili liliua watu. Januari 1525, mjini Zürich, Conrad Grebel alimbatiza Georg Blaurock, mtu mzima. Sheria ya mji ilitaka watoto wachanga wabatizwe, kwa hivyo baraza likaona huo ni uasi. Januari 1527 Felix Manz akafungwa mikono, akazamishwa kwenye mto Limmat.

Warithi wao, Wamennonite, walifika Shirati, Tanganyika, mwaka 1934. Baadaye imani yao ikavuka mpaka hadi Nyanza kusini. Hawa husubiri mtu akue, aamue mwenyewe.

Matha, sijakataa imani. Nangoja siku nitakayoingia mwenyewe.

Na wewe, ulichagua ama uliandikishwa?